Mgeni Ndani ya Kalamu ya Risasi

Shuleni tuliiita kalamu ya risasi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza risasi yenyewe iko wapi. Mwenzetu mmoja aliyependa kutafuna penseli aliambiwa na mwalimu kwamba sumu ya risasi itampanda kichwani. Alilia mpaka kengele ya mapumziko. Kumbe mle hamna risasi. Kile cheusi cha katikati ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na kinywe ni kaboni, ndugu wa makaa ya jikoni na ndugu wa almasi. Wazungu wa zamani walikiona, wakadhani ni aina ya risasi, wakakipa jina hilo. Sisi tukalirithi kosa pamoja na kalamu.

Naanza na kosa hilo kwa sababu kuna kosa jingine la jina linalofanana nalo, nalo tunatembea nalo mfukoni. Tunasema "betri ya lithiamu". Lakini ukiifungua betri ya simu, kinywe kilichomo kina uzito mara kadhaa kuliko lithiamu. Lithiamu ni mgeni. Kinywe ndicho nyumba. Jina la betri limemtaja mgeni na kumsahau mwenye nyumba.

Kosa la tatu ni langu. Oktoba 2019, Tuzo ya Nobel ya Kemia ilipotolewa kwa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, nilifurahi kama vile nimepewa mimi. Nikawa nawahadithia watu: betri ya simu yako imevumbuliwa na wazee watatu, Mmarekani, Mwingereza na Mjapani. Hadithi nzuri, fupi, inatosha safari moja ya daladala. Siku moja nikamhadithia rafiki yangu ambaye ni fundi simu. Alisikiliza mpaka mwisho huku anashughulika na kioo cha mteja, kisha akaniuliza: "Sawa kaka, sasa hapo, nani aliyeleta ile poda nyeusi?"

Alikuwa anasema ile nyeusi iliyopakwa juu ya karatasi ya shaba, anayoiona betri zikipasuka. Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu lake, limechelewa miaka kadhaa.

Hebu tuanze na nyumba yenyewe. Kinywe kimejengwa kwa matabaka, kama kurasa za kitabu. Ndani ya ukurasa mmoja atomi za kaboni zimeshikana kwa nguvu kubwa mno, sita sita, kama sega la nyuki. Kati ya ukurasa na ukurasa ushikamano ni hafifu. Ndiyo maana penseli inaandika: ukiiburuta, kurasa zinachomoka na kubaki kwenye daftari. Na ndiyo maana kitu kidogo kinaweza kujipenyeza kati ya kurasa mbili bila kuzichana.

Wa kwanza kuliona jambo hilo na kuliandika alikuwa Mjerumani, Karl Schafhäutl, mwanzoni mwa miaka ya 1840. Alikitia kinywe kwenye asidi ya salfuriki, kikavimba. Schafhäutl alikuwa mtu wa mambo mengi: jiolojia, chuma, muziki. Alikuwa pia rafiki wa Theobald Boehm, fundi aliyeibadilisha filimbi ya Ulaya, na alimsaidia katika hesabu za sauti. Napenda kumfikiria mtu anayejua jinsi pumzi inavyopita ndani ya filimbi akiangalia asidi ikipita ndani ya kinywe. Hakuwa na betri akilini. Aliona kitu kigumu kinapokea kingine, akaandika.

Kisha ikapita karibu karne nzima. Mwaka 1926, huko Greifswald, Karl Fredenhagen na mwenzake Cadenbach walikiweka kinywe pamoja na mvuke wa potasiamu. Kinywe cheusi kikageuka rangi ya shaba nyekundu. Potasiamu ilikuwa imeingia kati ya kurasa, atomi moja kwa kila atomi nane za kaboni. Rubidiamu na sesiamu nazo zikaingia. Hawa ni ukoo mmoja, metali za alkali, ambazo huwezi kuziacha juu ya meza kwa sababu zinaungua zikikutana na maji. Lakini zikiingia ndani ya kinywe zinatulia kiasi. Kinywe kinapokea elektroni zao na kuwapa malazi.

Katika miaka ya 1930 Walter Rüdorff na Ulrich Hofmann wakaonyesha kwamba wageni wa kinywe hawaingii ovyo ovyo. Wanaingia kwa zamu. Kwanza wanajaza nafasi moja na kuruka kadhaa, halafu wanajaza moja na kuruka moja, mwisho wanajaza zote. Lithiamu ilipokuja kuchunguzwa baadaye, hasa na Albert Hérold na wenzake huko Nancy, Ufaransa, ikaonekana kwamba zamu hizo zina rangi. Kinywe kinachoanza kupokea lithiamu kinaelekea kwenye bluu. Kikifika nusu kinakuwa chekundu. Kikijaa kabisa, lithiamu moja kwa kaboni sita, kinakuwa rangi ya dhahabu. Bado ni kitu kile kile cha kwenye penseli.

Mpaka hapo hii ilikuwa kemia ya kuvutia tu, isiyo na kazi. Kazi ilitokea kwingine, kwa watu waliokuwa na shida nyingine kabisa.

Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, kila mtu alitaka betri. Whittingham, akiwa na kampuni ya mafuta ya Exxon, alitengeneza betri ambayo upande wake chanya ulikuwa titaniamu daisulfidi, kitu chenye matabaka kinachopokea ayoni za lithiamu. Upande hasi aliweka metali ya lithiamu yenyewe, mbichi. Ilikuwa na nguvu. Ilikuwa pia na hatari. Kila ulipoichaji, lithiamu haikurudi kukaa sawasawa bali iliota sindano, na sindano ikifika upande wa pili, moto. Zimamoto waliitwa kwenye maabara hiyo mara nyingi hadi wakatishia kuidai gharama ya kemikali maalumu za kuzimia.

Dawa ilikuwa kwenye maandishi tayari. Kama metali ikiachwa wazi inaota sindano, basi usiiache wazi. Ipe nyumba. Mfaransa Michel Armand alilisema wazi katika miaka ya 1970: betri iwe na nyumba mbili, moja kila upande, na ayoni ziwe zinasafiri tu kati yake, zikienda na kurudi kama kiti cha kuyumba. Nyumba ya upande chanya ikapatikana mwaka 1980, Goodenough na wenzake walipoonyesha kule Oxford kwamba oksidi ya kobalti na lithiamu inafaa. Hiyo kobalti leo sehemu kubwa inatoka Kolwezi na kandokando yake, kwa ndugu zetu wa Kongo wanaozungumza Kiswahili chao cha Katanga, na hiyo ni makala nyingine.

Ilibaki nyumba ya upande hasi. Kinywe kilikuwa kinangoja, na kila aliyekijaribu alikimbia.

Hapa ndipo ninapoona utamu wa kisa hiki, na ndipo hadithi ya wazee watatu inaporuka. Tatizo halikuwa mgeni. Tatizo lilikuwa wapambe wake. Ndani ya betri lithiamu haisafiri peke yake, inaogelea ndani ya kimiminika. Kimiminika kilichopendwa wakati huo kiliitwa propilini kaboneti. Mwaka 1970 Dey na Sullivan walionyesha kwamba kimiminika hicho kinaoza kikikutana na kinywe chenye chaji: umeme wote unaishia kutengeneza gesi. Jürgen Besenhard huko Munich, katikati ya miaka ya 1970, akachunguza kwa makini namna metali za alkali zinavyoingizwa kwenye kinywe kwa umeme, ndani ya vimiminika vya aina hiyo. Akaona kwamba mara nyingi ayoni haiingii peke yake. Inaingia imekumbatiwa na molekuli za kimiminika. Ukimkaribisha mtu mmoja aje na ukoo mzima, na nyumba ina mlango wa mtu mmoja, kuta zitaachana tu. Kinywe kilibanduka ukurasa kwa ukurasa mpaka kikawa vumbi.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akafa.

Sasa aje kijana wa Fez. Rachid Yazami alizaliwa huko Moroko mwaka 1953, akaenda kusoma Ufaransa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mwanafunzi wa utafiti Grenoble. Alichofanya, ukikitazama leo, ni rahisi kama kufungua dirisha. Kama kimiminika ndicho kinachoiharibu nyumba, acha kimiminika. Badala yake alitumia kitu kigumu, plastiki iliyotiwa chumvi ya lithiamu, ya aina ambayo Armand alikuwa ameipendekeza muda mfupi kabla. Plastiki haiwezi kuingia kati ya kurasa. Ikabidi lithiamu iache wapambe mlangoni, iingie peke yake. Ikaingia, na umeme ulipogeuzwa, ikatoka. Yazami na Philippe Touzain walilichapisha hilo mwaka 1983, wakisema wazi kwamba wana upande hasi wa kinywe unaoweza kutumika tena na tena. Upande wa pili wa bahari, Samar Basu wa Bell Labs alikuwa amepata hataza ya Marekani mwaka 1981 kwa wazo la karibu na hilo.

Rafiki yangu fundi, hilo ndilo jibu fupi. Lakini jibu fupi nalo lina uongo wake, kwa hiyo nivumilie.

Plastiki ya Yazami ilithibitisha kwamba jambo linawezekana, ila ayoni zilipita ndani yake kwa uvivu mno kwa kifaa cha joto la kawaida la chumbani. Betri ya kuuza ilihitaji kimiminika. Yoshino, akiwa na kampuni ya Asahi Kasei huko Japani, alianza na plastiki ya aina nyingine, ile inayopitisha umeme, kisha akahamia kwenye kaboni. Kinywe safi hakikumfaa, kilibanduka. Akachukua kaboni isiyo na mpangilio mzuri, masalia ya kusafishia mafuta ya petroli yaitwayo koki. Kurasa zake zimepinda na kushikizana hovyo, na kwa sababu hiyo hazibanduki. Nyumba mbovu ilihimili wageni kuliko nyumba nzuri. Mwaka 1985 alikuwa na betri kamili: oksidi ya kobalti ya Goodenough upande mmoja, koki upande mwingine, na metali mbichi ya lithiamu haipo popote.

Mwaka uliofuata alifanya jaribio ambalo mwenyewe amekuwa akilieleza kama siku ya kuzaliwa kwa betri hiyo. Aliangusha pande zito la chuma juu ya betri yenye metali ya lithiamu, ikawaka. Akaliangusha juu ya betri yake. Ikasagika, basi. Haikuwaka.

Kama kuna mtu alidhani huo ni uoga wa bure, mwaka 1989 uliamua. Huko Japani simu zenye betri za metali ya lithiamu kutoka kampuni ya Kanada, Moli Energy, zilishika moto, na betri zikaondolewa sokoni. Mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza betri ya ayoni za lithiamu yenye kaboni upande hasi. Kamera za video zikawa nyepesi, na simu pia.

Lakini kumbuka, bado si kinywe. Kinywe, kile chenye kurasa zilizonyooka na nafasi nyingi kuliko koki, kilikuwa bado nje. Mlango wake ulifunguliwa kule kule Moli Energy, kampuni iliyokuwa imeungua. Mwaka 1990 Rosamaría Fong, Ulrich von Sacken na Jeff Dahn walichapisha matokeo yao: badilisha propilini kaboneti, weka ethilini kaboneti, na kinywe hakibanduki. Tofauti ya molekuli hizo mbili ni kaboni moja na hidrojeni mbili. Kwa nini watu hawakuijaribu mapema? Sababu mojawapo ni ya kijinga kabisa. Ethilini kaboneti huyeyuka kwenye nyuzi 36 hivi za selsiasi. Katika maabara ya Ulaya au Kanada ni kitu kigumu chupani, kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Unahitaji kimiminika, mkono unakwenda kwenye chupa yenye kimiminika. Dawa ni kukichanganya na vimiminika vyepesi, na ndivyo inavyofanyika hadi leo.

Na kinachotokea ndani nacho ni cha ajabu. Siku ya kwanza betri inapochajiwa, ethilini kaboneti nayo inaoza juu ya kinywe. Lakini inaacha utando mgumu, mwembamba, kama ukoko wa wali unaoshika sufuria. Emanuel Peled wa Tel Aviv alikuwa ameshaueleza utando wa namna hiyo mwaka 1979, juu ya metali ya lithiamu. Ukoko huu unaruhusu ayoni kupita na kuzuia kimiminika. Sehemu ya lithiamu inanaswa humo na hairudi tena. Hiyo ni kodi ya mlangoni, inalipwa mara moja tu, na nyingine ndogo ndogo kila siku. Betri yako ikizeeka, moja ya sababu ni hiyo: ukoko umenenepa na lithiamu imepungua.

Kwa hiyo nani aliyeleta poda nyeusi? Schafhäutl aliyeona kuvimba, Fredenhagen aliyeona rangi, Besenhard aliyeeleza kwa nini inashindikana, Yazami aliyeonyesha kwamba inawezekana, Yoshino aliyekubali nyumba mbovu, Fong na wenzake waliobadilisha chupa. Kanuni za Nobel zinaruhusu watu watatu tu kwa tuzo moja. Silaumu waliopewa, walistahili. Ila hesabu ya viti isigeuke hesabu ya historia. Mwaka 2014 Tuzo ya Draper ya wahandisi wa Marekani ilitolewa kwa wanne: Goodenough, Yoshino, Yoshio Nishi wa Sony, na Yazami. Kiti kimoja zaidi, na mtoto wa Fez akaonekana. Nakiri kwamba mwaka 2019 nilikuwa sijawahi kusikia jina lake, mimi ninayejidai kufuatilia majina ya Waafrika katika kila orodha ya tuzo za fasihi.

Kuna jambo moja limebaki, nalo linanifanya niamini kwamba kisa hiki hakijaisha. Metali za alkali zote nilizozitaja zinaingia kwenye kinywe: lithiamu ndogo, potasiamu kubwa, rubidiamu na sesiamu kubwa zaidi. Sodiamu tu, ile ya chumvi ya mezani, ambayo kwa ukubwa iko kati ya lithiamu na potasiamu, haitaki. Inaingia kidogo sana na kukoma. Ukubwa si hoja basi, maana aliye mkubwa kuliko yeye amepita. Mshikamano wake na kinywe ni dhaifu mno, haulipi gharama ya kuzitenganisha kurasa. Na sodiamu ndiyo tunayoihitaji, kwa sababu imejaa baharini na haina bei.

Jibu likawa tena nyumba mbovu. Mwaka 2000 Stevens na Dahn, yule yule Dahn, walichoma glukosi, sukari tu, mpaka ikawa kaboni ngumu, iliyojaa vijishimo na kurasa zilizovurugika, na sodiamu ikakubali kukaa humo. Leo betri za sodiamu zimeanza kuuzwa, na miongoni mwa malighafi za kaboni hiyo ni vifuu vya nazi. Watu wa pwani wanavijua vifuu. Wamevichoma miaka mingi wakipikia.

Kinywe nacho si kigeni kwetu. Kipo Mahenge mkoani Morogoro, kipo Ruangwa mkoani Lindi, na ng'ambo ya Ruvuma kipo Balama, Cabo Delgado. Kipo Mererani pia. Miamba inayobeba tanzanaiti imejaa kinywe, na wachimbaji wanatoka shimoni wakiwa weusi wanaong'aa kuanzia nywele hadi viatu. Kwa miaka mingi ile nyeusi ilikuwa uchafu wa kuoga, vito ndivyo vilivyokuwa mali. Siku hizi nchi zinagombea hiyo nyeusi, na China, inayosafisha sehemu kubwa kabisa ya kinywe cha betri duniani, iliweka masharti ya kukiuza nje mwezi Desemba 2023. Kukichimba ni hatua ya kwanza tu. Kukisafisha, kukiviringisha kuwa chembe za mviringo, kukipaka, huko ndiko kwenye bei.

Niliporudi kwa fundi na jibu langu refu, alikuwa na betri iliyovimba mezani, ameitenga pembeni ndani ya kopo la mchanga. Nikamweleza ya Grenoble na ya ukoko. Akacheka. "Kumbe na yenyewe ina ukoko." Kisha akachomeka simu yangu kwenye chaja yake, maana ilikuwa imebaki asilimia 4, nikaketi kwenye benchi kusubiri. Ndani yake, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, kinywe kilikuwa kinaanza kuelekea bluu.